Januari moja, namba tatu: kisa cha ripoti ya hoteli Malindi

Hoteli ni mbili za mwenye mmoja. Kubwa iko Malindi upande wa Casuarina, vyumba 80, ndogo iko Watamu, vyumba 20, jina halina haja. Baadhi ya wakurugenzi wako Italia kama ilivyo kwa hoteli nyingi za huku kwetu, kwa hiyo kikao cha mwezi ni cha video na kila mtu anafungua faili zake kwenye mashine yake. Kikao cha Februari swali la kwanza lilikuwa Januari vyumba vilijaa asilimia ngapi. Swali dogo tu hilo, lakini likala kikao karibu chote, manake ripoti ya Word inasema 61, Excel iliyoambatana nayo inasema 70, slaidi ya PowerPoint kwa meneja mkuu inasema 58, na mkurugenzi mmoja kule Italia kafungua slaidi hiyohiyo hakuona namba yoyote, kiboksi tu kinamwambia aingie na akaunti.

Na zote zimetoka kwa ripoti moja ya Power BI, ile programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti na chati. Hapo ndo palipouma, manake ile ripoti walimlipa mtu awatengenezee ili mabishano ya namba yaishe.

Mhasibu akanipigia baada ya kikao, sauti yenyewe tu unajua mtu kabanwa. "Kaka, mimi sijagusa kitu wallahi, nimekopi nikapesti, sasa wananiona kama nimepika namba." Namba hakupika. Lakini hilo neno kopi nikapesti limebeba mambo matatu tofauti na kila moja lina tabia yake, na wale watu watatu waliotengeneza zile faili tatu kila mmoja alitumia njia yake bila kujua mwenzake katumia ipi. Unaweza kuchukua picha ya chati, unaweza kuchukua data yenyewe ukaiweka kwenye Excel ikakatika na kwao, au unaweza kuweka dirisha linalochungulia ripoti kila mara faili inapofunguliwa. Kwa macho zote zinafanana, rangi zilezile, kichwa kilekile, ndo maana hakuna aliyeshtuka mpaka namba zilipokutana mezani.

Tuanze na Word. Ile 61 ilikuwa skrinshoti. Mhasibu ni mtu wa kuwahi, hapendi kukimbizana na tarehe za mwisho, kwa hiyo ile ripoti ya Januari aliianza tarehe 28 Januari yenyewe, akapiga picha ya chati akaiweka, akapanga kurudi baadaye kubadilisha halafu kazi ya mishahara ikamzidi. Lakini hata hiyo siyo shida kubwa. Shida ni filta, yaani kile kichujio kinachoamua ripoti ionyeshe data ipi. Ripoti ilikuwa imewekwa kwenye "siku 30 zilizopita" na siyo mwezi wa Januari, na Power BI ina tabia moja ambayo wengi hawaijui, ukiacha filta mahali fulani ukatoka, ukirudi kesho unaikuta palepale, inakukumbuka wewe kama wewe. Mwenzako akifungua ripoti hiyohiyo anaona ya kwake. Sasa siku 30 ukihesabu kurudi nyuma kutoka 28 Januari unaingia Desemba, unabeba zile nyusiku za kuelekea Mwaka Mpya ambazo kila mtu wa Malindi anajua hata godoro la ziada hulipati, na unaacha siku za mwisho za Januari nje. 61 ni namba ya kweli kabisa, ila ni ya kipindi ambacho hakina jina.

Cha kusikitisha ni kwamba kwenye ile ripoti, juu ya kila chati, kuna kitufe cha kukopi chati kama picha, na ukikopi kwa njia hiyo inakuja na kichwa chake, na linki ya kurudi kwenye ripoti, na lini data ilirifreshiwa, yaani ilisasishwa, mara ya mwisho, na filta zilizowekwa. Yaani picha inakuja na kitambulisho chake. Skrinshoti ya kukata na mausi haina lolote kati ya hayo. Mimi sina vita na picha, kwenye ripoti ya Word picha mara nyingi ndo kitu sahihi na nitarudi hapo, ila picha isiyosema ni ya lini na imechujwa vipi ni sawa na picha ya bahari bila saa, huwezi kujua maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa.

Excel sasa, ile 70, hii ndo tamu. Aliyeitengeneza ni kijana wa ofisi ya mapokezi, mjanja wa kompyuta, alibonyeza kueksporti data, yaani kuitoa kwenye ripoti iwe faili, kutoka kwenye jedwali la hoteli mbili. Ikatoka Malindi 50%, Watamu 90%, na ule mstari wa jumla chini haukutoka. Akafanya anachofanya kila mtu, akaandika fomula ya wastani, 50 na 90 gawanya kwa mbili, 70. Nani atamlaumu. Lakini Malindi ni vyumba 80 na Watamu ni 20. Januari ina siku 31, kwa hiyo vyumba vya kuuza kwa mwezi mzima ni 3,100 ukihesabu chumba kimoja usiku mmoja kama moja. Malindi ilikuwa na 2,480 ikauza 1,240, Watamu ilikuwa na 620 ikauza 558. Jumla 1,798 kati ya 3,100, ni 58 kamili. Wastani wa asilimia mbili unamchukulia mtoto na baba kama wana uzito mmoja.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu hili kosa nimeliona mahali pengi na si la huyu kijana peke yake. Ndani ya Power BI ile asilimia haikuhifadhiwa popote kama namba, ni hesabu inayofanywa upya kila unapoangalia, ukiangalia hoteli moja inagawanya vya hoteli moja, ukiangalia zote inagawanya vya zote, ukiangalia mwaka inagawanya vya mwaka. Ukiieksporti, hesabu inakufa, inabaki matokeo. Na matokeo ya asilimia hayajumlishiki wala hayawekwi wastani, hata bei ya wastani ya chumba haiwekwi wastani. Ukitaka kueksporti na ufanye hesabu zako Excel, eksporti vitu vinavyojumlika, vyumba vilivyouzwa na vyumba vilivyokuwepo, halafu gawanya mwenyewe. Na huku kwetu kuna jambo jingine la ziada, msimu. Mvua kubwa ikija Mei hoteli kadhaa zinafunga kabisa mpaka karibu Julai. Kwenye ripoti hai, ile inayohesabu yenyewe ndani ya Power BI, mwezi hoteli imefungwa vyumba vya kuuza ni sifuri, asilimia inabaki tupu na mwaka unahesabiwa bila ile miezi. Yule wa Excel anazidisha vyumba 80 kwa siku 365, asilimia ya mwaka inashuka vibaya na hakuna anayejua kwa nini.

Kwenye faili hiyohiyo kulikuwa na shiti ya mauzo ya baa na mkahawa, bili kwa bili, ya mwaka mzima, na jumla yake ilikuwa pungufu ukilinganisha na dashibodi. Watu walianza kumwangalia mtu wa baa kwa jicho baya. Nikashuka mpaka chini ya shiti, ukiondoa kichwa mistari ni 30,000. Thelathini elfu kamili, siyo 29,874, siyo 30,112. Ukiona namba ya duara namna hiyo simama. Power BI ukieksporti kwa CSV, yaani faili ya maandishi matupu yenye koma kati ya kolamu, inakupa mistari 30,000 mwisho, kwa faili ya Excel inakupa 150,000, zaidi ya hapo inakata. Bili za hoteli mbili za mwaka mzima zinapita elfu thelathini bila jasho. Mtu wa baa hakuiba kitu, zile bili nyingine hazikupanda gari.

Na CSV nyingine ilifika Italia nayo ikaleta kituko chake. Excel ya Kiitaliano inatumia koma mahali sisi tunatumia nukta, na inagawanya kolamu kwa semikoloni. CSV yetu ya koma ikafunguka yote imerundikana kolamu moja, mkurugenzi wa kule, mzee wa watu, akaigawanya kwa mkono, halafu wastani wa nyusiku anazolala mgeni ambao ni 4.5 ukageuka "04-mag", yaani tarehe 4 Mei. Akauliza kwenye imeli kwa adabu kabisa kwa nini wageni wa Januari wanaondoka Mei. Faili ya Excel ya kawaida haina hilo tatizo kwa sababu namba ndani imehifadhiwa kama namba na kila mashine inaionyesha kwa desturi ya kwao. Kwa hiyo CSV kwa wakurugenzi nimepiga marufuku, na hili sikuliwekea majadiliano.

Basi PowerPoint ndo ilikuwa sahihi, 58. Meneja mkuu aliweka ile programu ndogo ya Power BI ndani ya PowerPoint, ilianza kutoka 2022, unapesti linki ya ukurasa au ya chati moja na slaidi inakuwa na ripoti hai ndani yake, unaweza kubonyeza, kuchuja, kila kitu. Alijivunia sana na nilimwelewa. Lakini ile inafunguka kwa akaunti ya anayeangalia, lazima awe na leseni na awe amepewa ruhusa kwenye ripoti yenyewe. Mkurugenzi wa Italia hakuwa na vyote viwili, akapata kiboksi. Na bila intaneti huna ripoti, na mwenye kuishi Malindi anajua intaneti ikikatika haikuulizi kama uko kikaoni.

Jambo la pili kuhusu ile slaidi hawakuliona wenyewe mpaka nilipowaonyesha, na kwangu mimi ndo kiini cha kisa chote. Tarehe 12 Februari, baada ya kikao, waligundua chumba kimoja Malindi ambacho analala mfanyakazi kilikuwa kimeandikwa kama kimeuzwa Januari nzima. Wakarekebisha, kama inavyotakiwa. Nyusiku 31 zikatoka, 1,798 ikawa 1,767, na 58 ikawa 57. Fungua sasa ile slaidi ya kikao cha Februari, inasema 57. Muhtasari wa kikao waliokubaliana unasema 58. Miezi sita mbele mtu akija kukagua atasema kuna uongo mahali, na ukweli ni kwamba hakuna, karatasi imejibadilisha wenyewe wakiwa wamelala.

Watu wa kompyuta tuna ugonjwa wa kupenda kila kitu kiwe hai. Mimi msimamo wangu ni kwamba kitu kilichotiwa saini lazima kigande. Ripoti ya bodi ni ushahidi wa nini kilijulikana siku ile, na kama namba imerekebishwa baadaye basi ripoti ya mwezi unaofuata iseme imerekebishwa na kwa nini. Hai iwe kwa mtu anayefanya kazi na ile namba leo asubuhi.

Na kwa kejeli ya dunia, kule walikokuwa wanahitaji hai ndo walikuwa na mfu. Mama wa stoo anaagiza samaki kulingana na wageni wanaotarajiwa, alikuwa na Excel yake nzuri yenye rangi, aliletewa Desemba na akaambiwa "hii inatoka kwenye sistemu". Yeye akaelewa inatoka kila siku. Ilikuwa eksporti ya siku moja. Januari inaisha bado anaagiza nguru na jodari kwa hesabu za watu wa Mwaka Mpya, na friza imejaa. Nilipomwambia akacheka tu, "Mwanangu, mimi nilidhani wageni wanakuja hawali." Hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemwambia pia, na faili yenyewe haikuwa na tarehe hata moja juu yake.

Tulichofanya. Kitabu kimoja cha Excel ndo kimekuwa mlango. Ndani yake kuna pivoti, yaani majedwali ya muhtasari ya Excel, zilizounganishwa moja kwa moja na modeli ya Power BI, ile data na hesabu zilizo nyuma ya ripoti, siyo eksporti, kwa hiyo asilimia inahesabiwa kule kwenye modeli na Excel inapokea jibu, hakuna wa kuandika wastani wa wastani. Ili kufanya hivyo mhasibu na yule kijana walihitaji ruhusa inayoitwa Build kwenye modeli, kuona ripoti peke yake haitoshi, na hapa ndo watu wengi wanakwama wakidhani Excel yao ina shida. Kwa lile jedwali la bodi pivoti haifai sana, inapanukapanuka na kuvunja mpangilio, kwa hiyo tuliigeuza kuwa fomula. Excel ina fomula za CUBEVALUE na CUBEMEMBER tangu toleo la 2007 na karibu hakuna anayezigusa, unatengeneza pivoti yako, unaiambia ijigeuze fomula, kila seli inakuwa inauliza swali lake yenyewe kwenye modeli. Sasa jedwali linakaa pale ulipoliweka, mwezi umeandikwa kwenye seli moja juu, ukibadilisha Januari kuwa Februari lote linafuata. Hamna "siku 30 zilizopita" tena mahali popote kwenye ripoti ya bodi.

Word inachukua lile jedwali kutoka Excel kwa pesti speshali ya linki. Hapa kuna mtego. Ile linki imeandika njia nzima ya faili ndani ya Word, ukibonyeza Alt na F9 utaiona, na kama kitabu kinakaa kwenye dokumenti za mashine ya mhasibu basi kwa mtu mwingine linki haiendi popote. Kwa hiyo kitabu kinakaa folda moja ya pamoja na hakihamishwi, hata jina halibadilishwi. Siku ya kutoa ripoti unafungua Word, unachagua yote, F9, namba zinaingia mpya, mhasibu na meneja wanasoma, wakikubali unachagua yote tena unabonyeza Ctrl, Shift na F9, linki zinakatika, inabaki namba tupu. Inatolewa PDF, ndo inayokwenda Italia. Kwenye Excel shiti ya mwezi inakopiwa kama thamani tu na inapewa jina la mwezi na tarehe ya kurifreshi. Slaidi nazo, ile programu ya PowerPoint ina chaguo la kuonyesha kama picha iliyohifadhiwa badala ya hai, meneja anatumia hai akiwa anaongea, akimaliza anagandisha kabla ya kutuma.

Wakurugenzi hawakununuliwa leseni. Power BI Pro ni dola 14 kwa mtu kwa mwezi tangu Aprili 2025, awali ilikuwa 10, na mtu anayesoma karatasi mara moja kwa mwezi hana haja nayo. Mmoja alitaka, anapenda kubonyezabonyeza, huyo akaalikwa kama mgeni kwenye akaunti zao na akapata leseni yake.

Mama wa stoo shiti yake sasa imeunganishwa, inarifreshi ikifunguliwa, na juu kabisa kuna seli kubwa inasema data ni ya lini. Hilo la tarehe juu ndo alilolipenda.

Kuna la usalama ambalo hawakuniitia ila nilisema. Ripoti yao ina kinga, meneja wa Watamu akiingia anaona Watamu tu. Ile kinga inafanya kazi kwenye dirisha hai kwa sababu inamtambua aliyeingia. Ukieksporti ukamtumia, kinga imebaki kule, faili imebeba macho yako wewe uliyeeksporti. Na hata pivoti iliyounganishwa, zile namba zilizoonekana mara ya mwisho zimehifadhiwa ndani ya faili, mtu asiye na ruhusa hawezi kurifreshi lakini atazisoma. Sasa yule kijana alikuwa ameeksporti data ya chini kabisa, ile ya mstari kwa mstari, yenye majina ya wageni na namba za pasipoti na faili ikazunguka WhatsApp ya kazini. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na jina na pasipoti ya mgeni viko ndani yake moja kwa moja. Tumezima eksporti ya data ya chini, imebaki ya muhtasari tu, na faili ya zamani ikafutwa kwenye simu zote walizoweza kuzifikia.

Halafu jambo dogo la saa, linamhusu yule wa zamu ya usiku. Filta za "leo" na "jana" kwenye Power BI zinafuata saa ya UTC, ile saa ya dunia isiyojali uko nchi gani, na sisi tuko mbele masaa matatu. Yeye anafunga hesabu saa nane usiku, kwa mashine bado ni jana, kwa hiyo akichagua "jana" anapata juzi. Alikuwa ameshazoea kuchagua "leo" bila kujua kwa nini. Tumemwekea kuchagua tarehe kwa mkono, basi.

Wanaotumia ripoti za Oracle badala ya Power BI wasidhani hawamo. Kuna programu yao ya Smart View inayoingiza vipande vya ripoti kwenye Excel, Word na PowerPoint, kama jedwali au kama picha, na maswali yanabaki yaleyale, imechujwa vipi, nani anafungua, na inagandishwa lini.

Kilichobaki ni ripoti ya mauzo ya baa. Bado ni ndefu, na mtu wa baa anataka kuona bili moja moja, si muhtasari, na sasa eksporti ya chini imezimwa. Nimependekeza ukurasa wa ripoti wa bili za siku moja tu, bila jina la mgeni, aangalie humohumo bila kutoa faili. Yeye anataka Excel. Tunaendelea kuvutana, na lazima limalizike kabla ya Agosti manake Waitaliano wakishaanza likizo zao hakuna atakayekaa chini kuongea mambo ya faili.